Homa ya siku ya nne: maambukizi ya hospitalini kwa mwenye VVU na asiye navyo

Wanawake wawili wamelazwa wodi moja, vitanda vyao vimepakana. Mmoja aliletwa kwa sukari iliyopanda, mwingine kwa kuharisha kulikommaliza nguvu. Wote wana kanula (kijirija cha plastiki cha kupitishia dawa mshipani) mkononi, wote wamewekewa mpira wa mkojo, wote huoshwa na ndugu zao asubuhi na kuhudumiwa na nesi yuleyule. Siku ya nne jioni wote wawili wanapanda homa, nyuzi 38.9. Wa kwanza hana VVU. Wa pili anavyo, na CD4 zake, zile seli za kinga ambazo VVU huzilenga, ni 84.

Kwenye mafaili yao huenda yakaandikwa maneno yaleyale: homa, aanze seftriaksoni (antibayotiki ya sindano). Lakini homa hizo mbili zinaweza kuwa kitu kimoja, na zinaweza kuwa vitu viwili visivyojuana kabisa. Anayezitibu kwa mazoea atakosea mojawapo, na pengine zote mbili.

Kanuni ya saa 48 na mahali inapokwama

Maambukizi ya hospitalini ni yale ambayo mgonjwa hakuja nayo: hakuwa nayo siku ya kulazwa, wala hayakuwa yakiatamia mwilini. Kwa kuwa hakuna njia rahisi ya kujua nini kilikuwa kinaatamia, wataalamu wamejiwekea mpaka wa saa. Dalili zikianza baada ya saa 48 tangu kulazwa, huhesabiwa kuwa zimetoka hospitalini. Zikianza kabla, mgonjwa alikuja nazo. Kidonda cha upasuaji kina kalenda yake, siku 30 tangu kupasuliwa, na hufika 90 kwa baadhi ya upasuaji, hasa ule unaoacha chuma au kifaa kingine mwilini. Ndiyo maana mama aliyejifungua kwa upasuaji, akaruhusiwa, kisha kidonda kikaanza kutoa usaha wiki ya pili, bado anahesabiwa kuwa aliambukizwa hospitalini. Tatizo ni kwamba mama huyo huenda kusafishwa kidonda kwenye zahanati ya karibu na kwao, na hospitali iliyompasua haipati habari. Hospitali inayojisifu kwamba haina vidonda vibaya mara nyingi ni hospitali isiyoulizia.

Kwa ukubwa wake, Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu mwaka 2022: kati ya kila wagonjwa 100 waliolazwa, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata angalau ambukizo moja wakiwa hospitalini. Na kati ya kila 10 wanaoambukizwa, mmoja hufa.

Kwa mgonjwa asiye na VVU, mpaka wa saa 48 hufanya kazi vizuri kiasi. Kwa mwenye kinga iliyoshuka sana, unayumba. Mtu mwenye CD4 chini ya 200 anaweza kuingia wodini na TB iliyotapakaa mwilini bila kukohoa, na fangasi aina ya Cryptococcus wakiwa tayari kwenye damu huku kichwa kikimuuma kidogo tu, au na bakteria wa Salmonella ambao homa yao huja na kuondoka. Siku ya kulazwa macho ya wote yako kwenye kuharisha. Siku ya nne homa inapanda, saa inasema "hospitalini", kumbe aliingia nayo mlangoni. Yupo pia aliyeanza ARV wiki tatu zilizopita: kinga inapoanza kuamka huvishambulia vimelea vilivyokuwa vimetulia, na mgonjwa huonekana kuzidiwa wakati ule ule dawa zinapofanya kazi. Na yupo anayepata homa na vipele kwa sababu ya dawa yenyewe, kotrimoksazoli, antibayotiki ya kinga ya kila siku, ikiwa mshukiwa wa kwanza, kwa kawaida katika wiki ya pili ya kuitumia.

Saa hiyo hiyo hukosea na kwa upande wa pili. TB anayoipata mgonjwa kutoka kwa jirani yake wa kitanda haitajitokeza baada ya saa 48. Itajitokeza baada ya miezi au miaka, nyumbani kwake, na hakuna rejista itakayoiandika kuwa ni ya hospitali. Kwa hiyo takwimu nyingi za maambukizi ya hospitalini zinahesabu bakteria wa kanula na wa kidonda, na kuiacha nje TB, ambayo kwa mwenye VVU ndiyo huenda ikawa ya hatari kuliko zote.

VVU vinabadilisha nini hasa

Watu husema "kinga imeshuka" kana kwamba kinga ni tangi moja la maji. Ni vikosi kadhaa, na VVU havivipigi vyote sawa.

Bakteria wanaosumbua wodini, yaani Klebsiella, E. coli, Acinetobacter, Pseudomonas na Staphylococcus aureus, huzuiwa kwanza na ngozi isiyotobolewa, kisha na neutrofili, zile seli nyeupe zinazowameza. VVU hulenga hasa seli za CD4, ambazo kazi yake ni kuviongoza vikosi vingine, na pengo lake huonekana zaidi kwa vimelea vinavyojua kujificha ndani ya seli: TB, Cryptococcus, Salmonella. Kwa hiyo mtu mwenye VVU anayemeza ARV zake vizuri, virusi vimefubaa na CD4 ziko 600, akiwekewa kanula chafu, hatari yake ya kupata usaha pale haiko mbali na ya jirani yake asiye na VVU. Kanula chafu itawaumiza wote wawili.

CD4 zikishuka chini ya 200 hesabu hubadilika. Neutrofili nazo hupungua, wakati mwingine kwa virusi vyenyewe, wakati mwingine kwa ARV kama zidovudini. Kingamwili zinazotengenezwa huwa nyingi lakini hazina shabaha, ndiyo maana nimonia humrudia mtu huyo. Kisha kuna mambo yanayofuatana na ugonjwa bila kuwa ugonjwa wenyewe, nayo ndiyo yenye uzito zaidi kuliko wengi wanavyodhani: mgonjwa wa VVU aliyezidiwa hukaa siku nyingi zaidi wodini, hulazwa mara nyingi zaidi, hupewa dripu, mpira wa mkojo na mrija wa kulishia, huwa amekonda, na amepitia antibayotiki nyingi kabla hajafika. Kila kimoja kati ya hivyo kingemwambukiza hata kama asingekuwa na VVU. Kotrimoksazoli ya kila siku, miligramu 960 kwa mtu mzima, humkinga na nimonia ya Pneumocystis, toksoplasma na hata malaria, na haifai kuachwa. Ila bakteria wanaobaki tumboni mwake ni wale walioizoea. Wakipata njia ya kuingia kwenye damu, huingia wakiwa tayari na usugu.

Utafiti uliofanywa Muhimbili, Dar es Salaam, ukachapishwa mwaka 2007, unalionyesha hili vizuri. Ulifuatilia watoto 1,828 waliolazwa. Kati ya waliothibitishwa maabara kuwa na bakteria kwenye damu, asilimia 34.9 walikufa. Kwa bakteria wa jamii ya Klebsiella na E. coli, wale wanaoitwa hasi kwa rangi ya Gram, vifo vilifika asilimia 43.5, zaidi ya mara mbili ya vifo vya malaria, vilivyokuwa asilimia 20.2. Walipotafuta nini kinachoongeza hatari ya kufa, VVU vilikuwemo. Lakini vilikaa kwenye orodha moja na utapiamlo, na moja na kupewa dawa ambayo bakteria wameshaizoea. Hospitali haiwezi kumwondolea mtoto VVU kwa wiki moja. Lakini dawa isiyofaa, hospitali inaweza kuibadilisha leo leo.

Kilifi, Kenya, nako, ambako hospitali ya wilaya ilikuwa na maabara ya kuotesha damu kwa kila mtoto aliyelazwa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba watoto waliopata bakteria kwenye damu wakiwa wodini walikufa kwa asilimia 53. Waliokuja nao kutoka nyumbani ni asilimia 24, na wasio na bakteria ni 6. Bakteria wa hospitali si wale wa mtaani waliobadili anwani. Wamekaa kwenye mazingira yanayonyunyiziwa antibayotiki kila siku, na wanaobaki ni waliofuzu.

Mfano wa mfupa uliovunjika

Kuna takwimu moja kutoka Malawi inayofaa kubandikwa mlangoni mwa kila chumba cha upasuaji. Mwaka 2002 madaktari wa mifupa walichapisha ulinganisho wa vidonda vya watu waliowekewa vyuma, wenye VVU na wasio navyo. Pale ambapo eneo lilikuwa safi kabla ya upasuaji, asilimia 3.5 ya wenye VVU walipata usaha, na asilimia 5 ya wasio navyo. Hakuna tofauti ya maana. Pale ambapo eneo lilikuwa limeshachafuka kabla ya kisu, wenye VVU waliopata usaha walikuwa asilimia 42, wasio navyo 11.

Hoja imo humo. Usafi ukiwa kamili, VVU karibu havionekani kwenye matokeo. Usafi ukipungua, wasio na VVU wanalipa, na wenye VVU wanalipa mara nne. Anayesema "huyu ameoza kidonda kwa sababu ya hali yake" mara nyingi anaifunika kasoro ya chumba cha upasuaji kwa jina la virusi.

Kwa upasuaji, mambo yanayozuia usaha yanajulikana na hayana utata. Mgonjwa aoge. Nywele zisinyolewe kwa wembe, maana wembe huacha mikwaruzo midogo ambamo bakteria hukaa. Zikizuia kazi zikatwe kwa mashine. Antibayotiki ya kinga, kwa mfano sefazolini gramu 2, iingie mshipani ndani ya saa moja kabla ya kukata, irudiwe upasuaji ukizidi saa nne, kisha iishie hapo. Kuiendeleza siku tano "kwa usalama" hakumwongezei mgonjwa kinga, kunawafundisha bakteria. Kwa mama wa upasuaji wa uzazi, dawa iingie kabla ya kukata ngozi, isisubiri mtoto atoke.

Dripu ya kuchanganyia

Turudi wodini, kwenye kifaa ambacho kila mgonjwa anacho. Asubuhi nesi ana wagonjwa 16 wa seftriaksoni. Kila kichupa cha gramu 1 kinataka mililita 10 za maji safi ya sindano. Vichupa vidogo vya maji vimeisha stoo. Basi inatundikwa dripu moja ya mililita 500, inachomwa sindano kubwa kwenye mpira wake, sindano inaachwa palepale, na kila dozi inachotwa humo. Kufikia mchana dripu imechotwa kwa mabomba 16 ya sindano. Bomba moja tu lililokwishagusa kanula yenye damu likirudi kuchota, wodi nzima imeunganishwa.

Klebsiella na ndugu zake Enterobacter na Serratia humudu kukua hata kwenye dripu ya glukosi iliyokaa kwenye joto la kawaida la chumba. Chukua bakteria 10 tu waliingia saa mbili asubuhi, na kila saa wanajigawa mara mbili: saa mbili usiku wamekuwa 40,960. Na dripu bado inang'aa. Maji hayaanzi kuonekana na ukungu mpaka bakteria wafike kama milioni moja katika kila mililita, kwa hiyo kuitazama dripu kwenye mwanga hakuthibitishi lolote. Wagonjwa watatu wakipanda homa na kutetemeka nusu saa baada ya dozi ya jioni, usianze kuwalaumu mbu. Tazama kilichotundikwa.

Ufumbuzi hauna ufundi: kichupa kimoja cha maji kwa dozi moja, bomba moja, sindano moja, mara moja. Vikiwa havipo, kosa ni la oda ya stoo na liandikwe hivyo, badala ya kuachiwa nesi wa zamu alitatue kwa ubunifu.

Kanula yenyewe: ngozi isuguliwe kwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) asilimia 2 iliyo kwenye spiriti, kwa sekunde 30, kisha iachwe ikauke yenyewe. Kuipuliza kwa mdomo ili ikauke haraka, jambo la kawaida kuliko tunavyopenda kukiri, ni kuirudishia uchafu. Tarehe iandikwe kwenye plasta. Miongozo mingi ya zamani ilitaka ibadilishwe kila saa 72 hadi 96. Pale inapokaguliwa kila zamu inaweza kukaa mpaka ionyeshe dalili, yaani wekundu, maumivu, uvimbe au mshipa kuwa mgumu kama kamba. Lakini kanula ambayo haikutumika tangu jana haina hoja ya kubaki. Itolewe.

Mpira wa mkojo ni vivyo hivyo. Kila siku unayokaa huongeza kwa asilimia kama 3 hadi 7 uwezekano wa kuota bakteria kwenye mkojo, na ukifika mwezi karibu kila mtu anao. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu, usilale sakafuni, na usiinuliwe juu ya kitanda mgonjwa anapogeuzwa, kwa sababu mkojo utarudi ndani. Na tahadhari moja: bakteria kwenye mkojo wa mwenye mpira si ugonjwa mpaka kuwe na dalili. Kipimo cha kijiti kikibadilika rangi, mgonjwa hana homa wala maumivu, hakuna cha kutibu.

Chupa ya maji ya oksijeni husahaulika kabisa. Huongezwa maji juu ya maji ya jana, wakati mwingine ya bomba, na Pseudomonas hupenda hapo. Maji yawe yaliyotakaswa, yamwagwe yote kila siku, chupa ioshwe na kukaushwa.

Glavu mbili

Woga wa VVU una madhara yake katika kinga ya maambukizi. Mhudumu akijua mgonjwa ana VVU huvaa glavu mbili. Asipojua, huenda asivae hata moja. Kisha kwa zile glavu mbili hugusa kitanda, faili, kitasa na mgonjwa wa pili, kwa kuwa mikono yake anaiona iko salama. Iko salama, yake. Glavu hubeba Acinetobacter sawasawa na ngozi, na Acinetobacter huweza kukaa wiki kadhaa kwenye reli ya kitanda iliyo kavu.

Tahadhari za kawaida ziliwekwa kwa wagonjwa wote kwa sababu hiyo: humjui mwenye nini. Sindano yenye damu ya mwenye VVU asiyetumia dawa ikimchoma mhudumu, uwezekano wa kuambukizwa ni kama asilimia 0.3. Ya mwenye homa ya ini ya B, kwa mhudumu asiyechanjwa, ni asilimia 6 hadi 30, na kirusi hicho huishi angalau siku 7 kwenye damu iliyokauka. Anayeogopa cha kwanza na hajachanjwa dhidi ya cha pili amekosea hesabu. Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kuminya, toa taarifa, na dawa za kinga zianze mapema iwezekanavyo, zisivuke saa 72, ziendelee siku 28.

Mikono ina nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vilivyomzunguka. Kitakasa cha spiriti sekunde 20 hadi 30, sabuni na maji sekunde 40 hadi 60. Palipo na shida ya kununua, duka la dawa la hospitali linaweza kuchanganya lita 10 kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani: ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliseroli ya asilimia 98 mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka ifike lita 10. Ikae saa 72 kabla ya kutumika, ili peroksaidi iue vijimbegu vya bakteria vilivyomo kwenye spiriti au chupa. Ikichukuliwa siku hiyo hiyo, hatua hiyo imerukwa. Mgonjwa anayeharisha baada ya antibayotiki nyingi akishukiwa kuwa na bakteria wa Clostridioides difficile, spiriti haitoshi, kwa kuwa haiui vijimbegu vyake; sabuni na maji ndiyo njia.

Ndugu anayelala chini ya kitanda naye ana mikono. Yeye ndiye anayemwaga mkojo, anamlisha, na anamsaidia mgonjwa wa jirani asiye na mtu. Mafunzo yote yakiishia kwa manesi, nusu ya mikono ya wodi haijafundishwa.

Kuhusu jiki, makosa mawili yanajirudia. La kwanza ni vipimo. Jiki ya asilimia 3.5 huchanganywa kipimo 1 kwa maji vipimo 6 ili kupata klorini asilimia 0.5, ya asilimia 5 ni 1 kwa 9. Soma lebo, usiende kwa mazoea, na changanya upya kila siku. La pili ni ndoo ya kuloweka vyombo vya upasuaji. Tulifundishwa hivyo miaka mingi, lakini tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani halishauri kuloweka vyombo kwenye klorini kabla ya kuviosha: damu huimaliza nguvu klorini, chuma huliwa na kutu, na kwenye vishimo vya kutu uchafu hauondoki tena. Vyombo vilowekwe maji yenye sabuni, visuguliwe chini ya maji, vikaushwe, ndipo viingie kwenye mashine ya mvuke, nyuzi 121 kwa dakika 30 vikiwa vimefungwa. Mashine haitakasi kinyesi kilichogandia kwenye kiungo cha mkasi; inakipika tu.

Hewa

Mwaka 2005 na 2006, katika hospitali ya Tugela Ferry, mkoa wa KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, walipatikana wagonjwa 53 wenye TB iliyozikataa dawa karibu zote. Kati yao 52 walikufa, nusu yao ndani ya siku kama 16 tangu makohozi yachukuliwe. Wote 44 waliopimwa VVU walikuwa navyo. Zaidi ya nusu hawakuwahi kutibiwa TB hata siku moja, maana yake usugu hawakuutengeneza wao kwa kuacha dawa. Waliuvuta kwa pumzi. Theluthi mbili walikuwa wamelazwa hospitalini muda si mrefu kabla. Wodi ndiyo iliyowaunganisha.

Hewa ya wodi inapimika bila mtambo. Zidisha 0.65 kwa kasi ya upepo, kwa eneo la uwazi ulio mdogo zaidi kati ya pande mbili zinazotazamana, kisha kwa 3,600. Wodi yenye urefu wa mita 10, upana mita 6 na dari mita 3 ina mita za ujazo 180. Madirisha yakiwa wazi, upande mdogo una mita za mraba 3, na upepo ni nusu mita kwa sekunde, hewa inayopita ni mita za ujazo 3,510 kwa saa. Hewa yote ya chumba inabadilika kama mara 19 kwa saa, na hilo linasikika zuri. Lakini kiwango cha wodi ya kawaida kinahesabiwa kwa kichwa: lita 60 kwa sekunde kwa kila mgonjwa, na kwa chumba cha wagonjwa wa TB 160. Hewa ile ni lita 975 kwa sekunde. Kwa wagonjwa 16 kila mmoja anapata 61, imetosha. Ongeza vitanda vinne tu, anapata 49, haitoshi tena, na ndugu zao hatujawahesabu.

Usiku inakuwa mbaya zaidi. Mbu wanaingia, baridi inaingia, madirisha yanafungwa, uwazi unabaki mita ya mraba moja, na wale 20 wanapata lita 16 kwa sekunde kila mmoja, kwa muda wa saa kumi. Neti ya kitanda ni bora kuliko dirisha lililofungwa. Na hapa tuwalaumu kidogo wakandarasi: wodi za zamani zenye dari ndefu na vioo vya luva hufunguka karibu eneo lote, wakati dirisha la aluminiamu la kusukuma hufunguka nusu, hata ukitaka vipi. Huko Lima, Peru, watafiti walichapisha mwaka 2007 vipimo vilivyoonyesha wodi zenye madirisha na milango wazi zikibadili hewa mara 28 kwa saa, zaidi ya vyumba vya mitambo vyenye mara 12, na majengo ya kizamani yakiongoza.

Anayekohoa zaidi ya wiki mbili asisubiri jibu la maabara akiwa katikati ya wodi. Avae barakoa, apewe kitanda upande ambako upepo unatoka kwenda nje, mbali na wenye CD4 ndogo. Kuwaweka wagonjwa wote wa VVU na wote wa kikohozi pamoja, kwa kuwa "ni wale wale", ndiyo njia fupi ya kurudia Tugela Ferry.

Kurudi kwenye vile vitanda viwili

Kabla ya dozi yoyote, damu ya kuotesha: mililita 8 hadi 10 kwa chupa kwa mtu mzima, kutoka sehemu mbili, kwa kuchoma mshipa mpya na si kupitia kanula iliyopo. Chupa yenye mililita 2 itasema "hakuna kitu" hata kama bakteria wapo. Kisha macho yazunguke mwili: kanula, mpira, kidonda, mapafu, makalio kama kuna vidonda vya kulala. Seftriaksoni iliyoandikwa haraka haiui Pseudomonas, Acinetobacter ni nadra kuisikia, na Klebsiella wengi wa wodini wana vimeng'enya vya kuivunja, kwa hiyo uchaguzi uende na matokeo ya usugu ya hospitali hiyo.

Kwa mwenye VVU, orodha hiyo hiyo yote ifanyike, kisha iongezwe: kipimo cha TB cha mkojo, mikrolita 60 za mkojo kwenye kijiti na jibu dakika ya 25, makohozi kwenye mashine ya kinasaba hata kama anakohoa kidogo, kipimo cha damu cha Cryptococcus. Na swali moja ambalo haligharimu kitu: ARV zake anazimeza? Wengi huzificha chini ya mto ili ndugu wanaowauguza wasizione, dozi zikapotea siku nne mfululizo bila kuandikwa popote. Akipatikana na TB akaanza rifampisini, dawa ya TB, ARV yake ya dolutegraviri iwe miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya moja.

Yule wa kisukari, plasta ilipobanduliwa, mshipa ulikuwa mgumu na tone la usaha likatoka pale kanula ilipoingilia. Haikuwa na tarehe. Yule wa pili, kanula yake ilikuwa safi. Kijiti cha mkojo kilionyesha mstari wa pili, na makohozi yakathibitisha TB. Homa yake haikutoka hospitalini. Amehamishiwa kitanda cha dirishani, upande ambako upepo unatoka. Limebaki jambo moja la kuandika, kwenye faili la yule wa kwanza: mwenye kisukari, amelala siku nne pembeni ya mgonjwa wa TB, afuatiliwe kliniki kwa dalili za TB baada ya kuruhusiwa.